Kabla ya miguu, tuanze na kiwiliwili



Ulizo la juma hili limetoka kwa kikundi cha wamama wauzaji wa unga. Wanauliza hivi: "Mama yetu alipooza upande wa kuume tangu masika yaliyopita. Tukimshika anasimama. Lakini akitaka kutembea anaanguka, hata kama tunamshika watu wawili. Tumfanyie nini kusudi miguu yake ipate nguvu?"

Jibu letu litawashangaza kidogo. Kwa sasa miguu ingoje. Anzeni na tumbo, mgongo na nyonga, yaani kiwiliwili, sehemu yote iliyo kati ya shingo na mapaja. Mtu asiyeweza kukaa wima peke yake hawezi kutembea vizuri, hata kama miguu yake ina nguvu kiasi gani. Sisi wenyewe hatukulijua jambo hili. Tulilijifunza kwa sababu ya mtoto mmoja wa kalasi yetu, na tunaomba tuwasimulie.

Mtoto aliyekuwa kiegemeo

Mwanzoni mwa mwaka wa masomo, msichana mmoja wa mwaka wa sita alianza kukosa kalasi. Kwanza alikosa siku ya kazi tatu. Kisha kazi tatu na kazi tano. Mwishoni alikosa juma nzima. Alikuwa mtoto mwenye akili, mwenye kupenda hesabu, na mwaka wa sita ndio mwaka wa mtihani wa kumaliza masomo ya msingi. Tulifikiri pengine hana viatu, ao wazazi wamehama. Siku moja ya kazi ine, kengele ya saa sita ilipolia, tukaenda kwao.

Tulimkuta kitandani. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa amekaa nyuma ya kambo yake, mgongo kwa mgongo, kama tofali linaloegemeza tofali lingine. Kambo alikuwa amepooza upande wa kushoto. Mtoto akitoka, kambo alikuwa anaanguka polepole upande huo kama gunia la unga lisilojaa. Mama alikuwa sokoni, sababu bila soko hakuna bukari ya jioni. Basi mtoto ndiye alikuwa kiegemeo. Kambo akila, mtoto nyuma. Kambo akinywa dawa, mtoto nyuma. Kambo akisali, mtoto nyuma. Kitabu cha hesabu kilikuwa wazi kwenye magoti yake.

Hatukumgombeza mtu. Ungemgombeza nani? Mama anatafuta chakula, mtoto anampenda kambo yake, na kambo mwenyewe alikuwa analia kwa haya. Tulirudi siku ya posho pamoja na wamama watatu wa kikundi chetu. Wawili wakashika mikono ya kambo, mmoja huku, mwingine huku, wakamvuta juu. Akasimama! Tulipiga vigelegele. Tukamzungusha kwenye lupango hatua tatu, hatua ine, magoti yakakunjika, tukamrudisha kitandani. Posho iliyofuata tukafanya vilevile. Tulijiona watu wa msaada. Lakini usiku ule bega lake la kushoto lilianza kumuuma, na maumivu hayo hayakuisha upesi.

Ulizo la kine

Siku moja mganga wa mazoezi ya mwili, yule watu wa hapa wanamwita kine, alikuja kuona mgonjwa mwingine karibu na pale. Tukamwomba apite aone kambo. Hakugusa miguu. Alimketisha kwenye ukingo wa kitanda, nyayo chini, akamwomba mtoto atoke nyuma. Kisha akauliza: "Kambo, unaweza kukaa hivi bila kushikwa mpaka nihesabu kumi?"

Alifika tatu.

Kine akatugeukia. Akatuambia kwamba tunamfundisha mtu kutembea kabla hajajua kukaa. Akatuuliza: "Ninyi wamama, mtoto wenu mchanga anaanza na nini?" Hapo tukanyamaza, sababu jibu kila mama analijua. Mtoto anaanza kushika shingo. Kisha anageuka upande. Kisha anakaa, kwanza kwa kuegemezwa na kikwembe, halafu peke yake. Kisha anasimama kwa kushika kiti. Kutembea kunakuja mwisho. Hakuna mama anayemvuta mtoto wa miezi mitatu mikono ili atembee. Kwa nini basi tulimfanyia kambo hivyo?

Mambo yanayotokea mwilini

Kupooza kwa namna hii, ambako dokta anaandika AVC kwenye karatasi, kunatokea mshipa wa damu unapoziba ao kupasuka ndani ya ubongo. Sehemu ya ubongo isiyopata damu inakufa, na amri zilizokuwa zinatoka pale hazifiki tena mwilini. Ubongo wa kuume unaamuru zaidi mkono na mguu wa kushoto, na wa kushoto unaamuru wa kuume. Ndiyo sababu mtu anapooza upande mmoja. Si jirani aliyemtupia kitu, wala si mkwe mwenye jicho baya. Wakati tunaopoteza kwa kutafuta mchawi ni wakati tunaomnyima mgonjwa.

Lakini kiwiliwili kina bahati moja. Misuli ya tumbo na mgongo inapokea amri kutoka pande zote mbili za ubongo. Upande mmoja ukiumia, ule mwingine bado unatuma. Kwa hiyo mara nyingi kiwiliwili kinalegea, kinachelewa, kinachoka mbio, lakini hakifi kabisa kama mkono unavyoweza kufa. Kilicholegea kinaweza kufundishwa.

Na kwa nini kiwiliwili kinahusu kutembea? Sisi watu wa Kamina tuna mfano wetu. Reli ya kutoka Lubumbashi, reli ya kwenda Ilebo na ile ya Kabalo zote zinakutana hapa. Kituo cha Kamina kikiziba, treni zinasimama, hata kama reli za huko porini ni nzima. Kiwiliwili ni Kamina ya mwili. Kila hatua unayopiga inapita hapo: unahamisha uzito juu ya mguu mmoja, nyonga inashika, mgongo unabaki wima, ndipo mguu mwingine unapata ruhusa ya kutoka chini. Kiwiliwili kikilegea, uzito unaanguka upande mmoja, na mguu ambao ungeweza kusogea unabaki umekanyagwa na mwili wenyewe.

Wengine wamelipima

Mtu asifikiri ni maneno ya kine mmoja tu. Huko Ubelgiji, kwenye chuo kikuu cha Leuven, mwaka 2004 mtafiti Geert Verheyden na wenzake walitoa kipimo cha kiwiliwili kwa watu waliopooza. Kina alama 23. Ulizo la kwanza ni lile ambalo kambo aliulizwa: kukaa kwenye ukingo wa kitanda sekunde 10 bila kuegemea. Asiyefaulu hapo anapata sifuri kwa mtihani mzima. Sisi walimu tuliona ni mtihani mkali, lakini wa haki. Asiyekaa hana msingi wa mengine.

Huko Hispania, matokeo ya jaribio moja yalitangazwa mwaka 2016. Watu 80 waliopooza walipata mazoezi ya kawaida ya hospitali, saa moja kwa siku. Nusu yao waliongezewa dakika 15 za mazoezi ya kiwiliwili, siku 5 kwa juma, kwa majuma 5. Waliopata dakika hizo walikaa vizuri zaidi, na kusimama na kutembea kwao pia kukaendelea zaidi. Na mwaka 2023 watafiti walikusanya majaribio 68 ya namna hiyo yenye watu 2585. Waliona kwamba kufundisha kiwiliwili kunasaidia kukaa, kusimama wima na kutembea. Wao wenyewe wanasema si majaribio yote yaliyofanywa kwa uangalifu sawa. Lakini njia inaonekana.

Dakika 15! Ni muda ambao sombe inachukua kutokota mara ya kwanza. Hazihitaji mashine wala umeme.

Mazoezi tuliyofundishwa

Haya ndiyo kine aliyotupatia kwa kambo. Kwa mgonjwa wenu, mwonyesheni kwanza mganga ao kine ili aseme lipi linamfaa. Kila zoezi tulianza mara tano, asubuhi na jioni, kisha tukaongeza polepole.

La kwanza, magoti huku na huku. Mgonjwa analala chali kwenye kitanda kigumu ao mukeka, magoti juu, nyayo zimekanyaga. Msaidizi anashika mguu ulio mlegevu usiteleze. Magoti yote mawili yanaenda polepole upande mmoja, yanarudi katikati, yanaenda upande mwingine. Mabega yanabaki chini.

La pili, daraja. Katika hali hiyohiyo, mgonjwa anabana matako na kuinua nyonga kidogo. Hata urefu wa vidole viwili unatosha mwanzoni. Anahesabu mpaka tatu, anashuka polepole. Ahesabu kwa sauti, sababu anayehesabu hawezi kuzuia pumzi, na kuzuia pumzi kunapandisha tansio. Kambo yetu alihesabu kwa Kiluba, tena kwa sauti ya kanisani.

La tatu, kukaa. Anakaa kwenye ukingo wa kitanda kigumu ao kwenye benchi, si kiti cha kuzama. Nyayo zote mbili zikanyage chini. Kama hazifiki, wekeni matofali. Uzito uwe sawa kwenye matako yote mawili. Msaidizi anasimama mbele kidogo, upande ule mlegevu, mikono tayari lakini haimshiki. Mnahesabu. Akianza kuanguka mnamsaidia, anapumzika, anaanza tena.

La nne, kuhamisha uzito. Akiwa amekaa, anaegemea tako moja mpaka lile jingine liwe jepesi, kisha anabadilisha. Hapo ndipo hatua inazaliwa: kuhamisha uzito akiwa amekaa ni shule ya kuhamisha uzito akiwa amesimama. Akizoea, anaweza kusogea mbele na nyuma kwenye benchi kwa tako moja moja.

La tano, kufikia kitu. Hapa tuliomba kazi ya nyumbani itusaidie. Tuliweka beseni la karanga upande mmoja na beseni tupu upande mwingine, mbali kidogo kuliko urefu wa mkono. Kambo alihamisha karanga kwa mkono mzuri, akiinama mbele, akigeuka kuume, akigeuka kushoto na kurudi katikati. Msisahau upande mlegevu, sababu mgonjwa anaukimbia. Zoezi hili alilipenda kuliko yote. Alisema tangu augue ilikuwa mara ya kwanza kusaidia kupika.

La sita, kuinuka. Hili lilingoja mpaka alipoweza kukaa vizuri. Miguu inavutwa nyuma kidogo chini ya magoti. Anainama mbele mpaka pua ipite juu ya vidole vya miguu, kisha anainuka. Anakaa tena polepole, bila kujitupa. Watu wengi wanataka kuinuka wakiwa wima kama mlingoti. Hata mtu mzima hawezi hivyo. Jaribuni ninyi wenyewe mtaona.

Mambo ya kuangalia

Msimvute mgonjwa kwa mkono uliolegea, wala msimnyanyue kwa kumshika kwapani. Misuli inayoshika bega imelala, na bega linaweza kushuka kutoka mahali pake. Sisi tulimwumiza kambo hivyo kwa upendo mtupu. Badala ya mkono, fungeni kikwembe imara kiunoni mwake. Hicho ndicho kishikio. Mkono mlegevu uwekwe juu ya mto ao kwenye mapaja, usining'inie.

Msianze haraka kupita kiasi. Siku za mwanzo ni za hospitali, na waganga ndio wanaosema lini ainuke. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2015, lenye watu 2104 kutoka nchi mbalimbali, lilionyesha kwamba kumwinua mgonjwa kwa wingi na kwa nguvu ndani ya saa 24 za kwanza hakukumsaidia, bali waliopona vizuri walikuwa wachache zaidi.

Kabla ya mazoezi, tansio iwe imepimwa na dawa imemezwa. Akipata kizunguzungu, kichwa kikali, maumivu ya kifua ao akikosa pumzi, acheni mara moja mumpeleke kwa waganga. Na kila zoezi la kukaa ao kusimama, mtu mzima awe karibu. Mtoto asiachiwe kazi hiyo peke yake. Kambo akianguka juu ya mtoto, wawili wanaumia.

Daftari la kambo

Sisi walimu tuna ugonjwa wa daftari. Tulichukua daftari moja, tukapiga mstari: tarehe, na hesabu aliyofika akiwa amekaa peke yake. Ukurasa wa kwanza umeandikwa tatu, tatu, ine, mbili, ine. Ile mbili ilimvunja moyo, akakataa kula. Tukamwambia kile tunachowaambia watoto wetu: alama ya leo tunailinganisha na za kwako mwenyewe, hatuilinganishi na za jirani. Mwisho wa juma la tatu alifika kumi. Mtoto ndiye aliyeandika ile kumi, akaizungushia duara jekundu.

Katika juma la sita kambo alikula bukari yake yote akiwa ameketi kwenye benchi, peke yake, sahani kwenye stuli mbele yake. Ilichukua muda mrefu, na mchuzi ulimwagika. Alipomaliza alimwita mjukuu wake, akamwambia: "Enda kusoma. Mgongo wangu umerudi."

Siku ya kazi moja iliyofuata, mtoto alikuwa kwenye benchi lake la pili, karibu na dirisha.

Tusiwadanganye. Hatukuona muujiza. Mkono wa kushoto wa kambo bado umefunga, na pengine utabaki hivyo. Kutembea kulichukua miezi zaidi. Leo anatoka mlangoni mpaka kwenye mwembe, hatua kumi na nane, fimbo mkono wa kuume, na mtu mmoja nyuma yake amemshika kikwembe. Jua likiwa kali anafika nusu tu. Lakini anakwenda choo bila kubebwa, na hilo, wamama, mnajua uzito wake. Heshima ya mtu iko pale pia.

Kikundi kinaweza nini?

Hapa ndipo tunataka kusema nanyi kama wenzetu. Katika familia nyingi, mtu akipooza, mzigo unaangukia mwanamke mmoja: mke, binti ao mkwe. Akizidiwa, anaita msichana mdogo kutoka masomo. Mvulana anaitwa mara chache. Kwa hiyo kupooza kwa kambo mmoja kunaweza kuandika maisha ya mjukuu wake pia.

Tungeweza kusema tu, "familia ifanye mazoezi," tukaweka kalamu chini. Lakini haitoshi. Huko India, jaribio la watu 1250 katika hospitali 14, lililotangazwa mwaka 2017, lilifundisha familia kuwafanyisha wagonjwa mazoezi nyumbani. Baada ya miezi sita hapakuonekana tofauti na wagonjwa waliopata huduma ya kawaida. Sisi tunachukua hapo fundisho hili: kumtwika dada mmoja aliyechoka kazi yote, kisha kungoja matunda, si msaada. Anahitaji mwenzake, anahitaji mtu anayejua kurudi kuangalia, na mazoezi yawe yale yanayomfaa mgonjwa huyo.

Likelemba tunaijua. Kila mmoja anatoa franka, na kila mmoja anapata zamu yake. Kwa kambo huyu tulifanya likelemba ya dakika. Wamama sita, kila mmoja alichagua siku yake, akatoa dakika 20 akienda ao akirudi sokoni. Siku ya yenga ilikuwa ya wanaume wa nyumba, na tulilishikilia hilo. Mjomba mmoja alilalamika kwamba ni kazi ya wanawake. Kambo akamwuliza ni nani alimfundisha yeye kukaa. Hakurudia tena. Kila mwisho wa mwezi tulichanga kidogo kidogo ili kine arudi kuangalia ao tumpelekee kambo.

Na kutoka Uganda kuna wazo zuri tulilolipenda. Watafiti huko waliwasaidia watu waliopooza na familia zao kuchagua kazi tatu za kila siku ambazo mgonjwa anataka kuziweza tena, na simu ikawakumbusha. Mwulizeni mgonjwa wenu mwenyewe anataka nini. Kambo yetu alitaja tatu: kula peke yake, kwenda choo, na kukaa kwenye benchi ya kanisa bila kuegemezwa. Mbili tumefika. Ya tatu tunaitafuta, sababu ibada zetu ni ndefu!

Kwa wamama wauzaji wa unga

Basi, wamama wapenzi mliotuuliza: leo jioni mketisheni mama yenu kwenye ukingo wa kitanda, nyayo chini, mtu mmoja karibu upande wa kuume. Hesabuni. Akifika mbili, andikeni mbili. Hapo ndipo mtaanzia, na si aibu. Mtafuteni kine ao mganga amwone. Upande wa kuume ukipooza, mara nyingi maneno nayo yanapotea. Kama mama hawezi kusema, haina maana kwamba hasikii ao hana akili. Zungumzeni naye, mwonyesheni zoezi kwa mwili wenu, naye atafuata.

Na kwetu sisi tulio wazima: tansio haina sauti. Mtu anaweza kutembea nayo miaka bila kujua, halafu siku moja inampiga. Tupimwe. Aliyepewa dawa ya kila siku aimeze kila siku, hata siku anayojisikia vizuri. Tupunguze chumvi na vipande vile vya mchuzi vya kiwandani. Mkiona uso wa mtu umepinda ghafla, mkono mmoja umeanguka, ao maneno yamevurugika, msingoje kesho, msimpe chakula wala maji. Mpelekeni hospitali saa ileile.

Kikundi chenye mgonjwa wa namna hii kituandikie. Tutakuja na daftari.

Mbaki na amani.